Kabla hujapanda mashua ya kuuzunguka mji wa Mombasa

Shule zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka, huku Kiganjo ya Thika huanza hesabu za safari ya Mombasa. Vyama vya akina mama, makanisa, vijana wa bodaboda waliochangishana tangu Januari, wote huulizana basi gani ni nafuu na kama tikiti za treni zimekwisha. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa pwani aliye karibu, maswali huishia mlangoni kwangu. Zamani waliniuliza hoteli na bei ya samaki. Siku hizi swali limebadilika: ile safari ya mashua, ya kuuzunguka mji jua likizama, ikoje? Yafaa watoto? Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mboga, aliniuliza, "Ustadh, huo mto wenu wa Mombasa una mamba?"

Nilimjibu kwamba mamba hakuna, na mto pia hakuna. Lakini swali lake ni la maana kuliko linavyosikika, kwa sababu anayedhani anapanda mashua mtoni hujiandaa kwa jambo tofauti kabisa na litakalomkuta. Nayaandika haya kwa faida ya wageni kama yeye, na zaidi kwa faida yetu sisi wenye mji. Sisi ndio tunaowapandisha, na likitokea la kutokea, lawama ni yetu.

Si mto, ni mkono wa bahari

Mombasa ni kisiwa, na bahari imekikumbatia kwa mikono miwili. Mkono wa Tudor unapita mbele ya Fort Jesus na Bandari ya Kale, ukaenda chini ya daraja la Nyali, ukatanuka hadi Mikindani na Jomvu. Mkono wa pili ni wa Kilindini, na jina lenyewe lajieleza: penye kina. Huko ndiko ziliko gati za meli kubwa na kivuko cha Likoni. Ni kweli kwamba mito midogo kama Kombeni humwaga maji yake juu kabisa ya Tudor, lakini maji utakayopita juu yake ni ya chumvi na yanatii bahari.

Mtu wa Thika anaijua mito. Ana Chania na mto Thika, ambayo hukutana hapo hapo karibu na mji, ikaenda kuingia Tana. Ana mto Athi upande wa Ol Donyo Sabuk, penye maporomoko ya Fourteen Falls, ambapo vijana huwavusha wageni kwa maboti hadi kwenye mawe. Pale maji yana tabia moja: yanateremka, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kwenye mkono wa Tudor maji hugeuka mara nne kwa siku. Yatajaa kwa saa sita hivi, yasimame kidogo, kisha yapwe kwa saa sita nyingine. Mahali ulipoona maji matulivu wakati wa kuondoka huenda ukapakuta na mkondo mkali wakati wa kurudi. Nahodha akisema twende sasa hivi, au tungoje kidogo, mara nyingi anausikiliza mkondo.

Utaona nini

Kuna jambo ambalo hata wenyeji tunalisahau. Mji wa Mombasa ulijengwa ukiwa umeelekeza uso wake majini. Kabla ya reli na barabara, kila mgeni aliyetoka ng'ambo alifika kwa chombo. Ibn Battuta alipita hapa mwaka wa 1331 kwa bahari. Vasco da Gama alitia nanga mwaka wa 1498 na hakupokewa vizuri. Anayeuona mji leo kutoka barabarani anaona mgongo wake. Kutoka kwenye mashua ndipo auonapo uso.

Fort Jesus ni mfano mzuri. Wareno waliijenga kati ya mwaka wa 1593 na 1596, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, ili kila chombo kinachoingia kipite chini ya mizinga yake. Ukiingia kwa lango la nchi kavu, unaona ukuta mrefu na bustani. Ukiwa ndani ya mashua ukainua macho, unafahamu mara moja kwa nini waliokuwa na ngome hiyo walikuwa na mji wote. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011.

Nahodha mzuri akifika hapo hupunguza mwendo, kwa kuwa chini ya maji mbele ya ngome kuna kisa kingine. Waomani waliizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698. Katikati ya mazingiwa hayo ilikuja meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, kuleta msaada, ikazama hapo mwaka wa 1697. Wapiga mbizi wa elimu ya kale waliichimba kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa, vyungu, mizinga na vyombo vya mabaharia, vimo katika makumbusho ya ngomeni. Ukizuru makumbusho asubuhi na kupanda mashua jioni, utaelewa kimoja kwa kingine.

Ukipanda mkono kutoka ngomeni, upande wa kushoto unafuata Mji wa Kale, nyumba za mawe na roshani zake, minara ya misikiti, kisha Bandari ya Kale. Hapa ndipo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipokuwa yakifika na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakangoja kusi kurudi kwao na boriti za mikoko. Hapa pia ndipo Kapteni Owen wa meli ya Kiingereza iitwayo Leven alipopandisha bendera ya nchi yake mwaka wa 1824, wakati Mazrui wakitafuta kinga dhidi ya Sultani Said wa Omani. Ngazi za Leven bado zina jina la meli hiyo. Ujenzi wa reli ulipoanza mwaka wa 1896, biashara kubwa ilihamia polepole Kilindini, na bandari hii ikabakiwa na majahazi na boti za wavuvi.

Upande wa kulia ni Mkomani, pale panapoitwa English Point. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alimzika mkewe na mtoto wao mchanga upande huo mwaka wa 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Yeye alibaki, akajifunza lugha yetu, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka wa 1882. Mbele zaidi unapita chini ya daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka wa 1931. Baada ya hapo kelele za mji zinabaki nyuma, mikoko inaanza, na ndege wa majini wanaonekana wakitafuta riziki kwenye matope.

Chagua siku kwa mwezi, na saa kwa maji

Wageni wengi huchagua siku ya safari kwa likizo na saa kwa jua linapozama. Wenyeji tunajua vya kutazamwa kwanza ni mwezi na maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kandokando ya siku ya kwanza na ya kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Kati ya siku hizo, mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mombasa ina kanuni moja rahisi kukumbuka. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiujua mwezi, unaweza kukisia maji bila hata kutazama simu.

Hilo lina maana gani kwa abiria? Siku ya bamvua, safari inayoanza saa kumi alasiri hukuta maji yamejaa, na mashua yaweza kuingia hadi karibu na mikoko. Lakini jua likizama, maji yale yote yanakimbilia baharini kwa kasi. Injini ikizimika wakati huo, chombo hakitakaa kikingoje fundi, kitaelea kuelekea mlangoni, penye mawimbi. Siku ya maji mafu mkondo ni mpole na safari ni ya raha zaidi kwa watoto na wazee, ingawa baadhi ya vijia vya mikokoni havipitiki.

Upepo nao una miezi yake. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, na bahari kwa kawaida huwa tulivu. Kusi hushika tangu Aprili na huwa kali zaidi katikati ya mwaka. Ndani ya mkono kisiwa hukinga, lakini ukitoka mlangoni utayaona mawimbi yenyewe. Basi ukiambiwa mwezi wa Julai kwamba safari itafika hadi nje penye mwamba, uliza mara mbili.

Kwa Muislamu kuna hesabu moja zaidi. Safari ya kutazama jua likizama ni safari ya wakati wa Magharibi. Uliza kabla ya kuondoka mtarudi saa ngapi, na kama mtachelewa, mpango wa sala ni upi. Nahodha wa kwetu atakujibu bila kusitasita. Uliza pia kama ndani kutauzwa pombe na kutapigwa muziki mkubwa, na nyama itatoka wapi. Zipo mashua za karamu na zipo za familia, na si vizuri kuigundua tofauti hiyo ukiwa katikati ya maji na mama mkwe wako.

Usalama si mkosi

Kuna watu wetu wanaoona kuzungumzia kuzama kabla ya safari ni kuita balaa. Mimi naona kunyamaza ndiko kunakoita. Pwani yetu haijasahau kivuko cha Mtongwe kilichopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272. Majirani zetu wa Zanzibar hawajasahau Spice Islander ya Septemba 2011, wala Skagit ya Julai 2012. Hivyo vilikuwa vyombo vya kusafiria, lakini safari za matembezi nazo zina misiba yake. Mjini London, kwenye mto Thames, boti ya sherehe iitwayo Marchioness iligongwa na meli ya kuchota mchanga mwezi Agosti 1989, wakafa watu 51. Mjini Budapest, kwenye mto Danube, usiku wa tarehe 29 Mei 2019, boti ya watalii iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa ikazama kwa sekunde chache. Kati ya watu 35 waliokuwamo, waliopona ni 7.

Misiba hiyo miwili ya Ulaya ilitokea mitoni, katikati ya miji mikubwa, hatua chache kutoka kwenye taa za barabarani. Kuwa karibu na ufuo hakumwokoi mtu asiyejua kuogelea na asiyevaa jaketi la uokoaji. Na wageni wengi wa kutoka bara hawajui kuogelea. Huo ndio ukweli wa watu wa Kiganjo, na si aibu yao, kwani hawakulelewa na bahari.

Kwa hivyo, kabla ya kupanda, hakikisha haya.

Kwanza, jaketi. Kila abiria awe na lake, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiangukia majini. Livaliwe na lifungwe kabla chombo hakijaondoka. Lililofungiwa kwenye sanduku chini ya viti halimsaidii mtu.

Pili, idadi. Kila chombo kilichosajiliwa kina idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Mamlaka ya kukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni ni Kenya Maritime Authority, iliyoanzishwa mwaka wa 2004. Muulize nahodha cheti cha chombo na leseni yake mwenyewe. Aliye navyo huvionyesha kwa fahari. Asiye navyo hukasirika, na hasira yake ni jibu tosha.

Tatu, vifaa. Pawe na injini ya akiba au makasia, chombo cha kuzimia moto, simu yenye chaji au redio, na taa ikiwa mtarudi gizani. Msiba wa Budapest ulitokea usiku. Chombo kidogo kisicho na taa hakionekani na mkubwa anayekuja.

Nne, njia. Kama safari inaingia upande wa Likoni na Kilindini, mjue mnapita barabara ya meli. Meli ya makontena haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa mashua. Mwenye kukwepa ni ninyi. Nahodha anayekatiza mbele ya meli ili wageni wapige picha anacheza na roho zenu.

Tano, mkao. Watu wote wasikimbilie upande mmoja kuitazama Fort Jesus. Mashua hulalia upande wenye uzito, na penye tanga mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu upepo nao una upande wake unaousukuma. Baharia akisema kaeni, kaeni. Atakapogeuza tanga, foromali hupita juu ya vichwa, na anayesimama kupiga picha ndiye atakayepigwa.

Pesa yako inaingia mfuko gani

Bei hutegemea chombo, msimu na ulimi wako, kwa hivyo sitataja kiasi. Nitaeleza inavyogawika. Mgeni akinunua safari hotelini au kwa kijana aliyemkuta ufuoni, pesa hiyo hupita mikono kadhaa: ya aliyemleta, ya wakala, ya mwenye chombo, na mwisho ndipo ya nahodha na mabaharia wake. Waliotoa jasho hupata kilichobaki. Nahodha aliyelipwa kidogo atajaza watu kupita kiasi, atanunua mafuta nusu, ataacha kukarabati injini. Ubahili wa juu huwa hatari ya chini.

Njia iliyo bora ni kwenda mwenyewe hadi ufuoni, kuzungumza na nahodha, kukiona chombo mchana, na kukubaliana kabla ya kupanda. Bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Ni kwa saa ngapi? Chakula kimo? Kurudi kumo? Lipa sehemu, nyingine ulipe mkishashuka salama.

Upande wetu nasi tuna la kufanya. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi na mashua ya mbao ni kazi ya fundi, aliyechagua mti, akapiga misumari, akatia kalafati kwa pamba na mafuta kuzuia maji. Mashehena ya kubeba yamepungua na fundi anakosa kazi. Kule Lamu, katika kijiji cha Matondoni, ufundi huo ungalipo, na safari za watalii ni miongoni mwa mambo yanayoupa riziki. Mombasa nayo yaweza. Mashua ya tanga inayobeba wageni inamlisha nahodha, baharia, mshona tanga na fundi seremala. Boti ya plastiki inalisha wachache zaidi.

Halafu kuna habari ya kusimulia. Wageni wetu wengi siku hizi ni Wakenya wenzetu, na Kiswahili ndiyo lugha tunayokutana nayo. Hata hivyo, safari nyingi hutangazwa kwa Kiingereza, na simulizi huwa fupi: hii Fort Jesus, lile daraja. Kijana wa Mji wa Kale anayejua babu yake aliuza nini bandarini ana hazina ambayo mgeni hawezi kuipata kwingine. Afundishwe tarehe zilizo sahihi, na kaunti imtambue kwa beji, awe na kazi yenye heshima. Na kila mahali pa kupandia pawekwe ubao unaoonyesha jina la chombo, idadi ya watu kinaobeba na nambari ya kupiga penye dharura. Ubao hauhitaji wafadhili kutoka ng'ambo.

Maji hayajui mipaka

Ukipita daraja la Nyali kuelekea Mikindani, kuna jambo ambalo nahodha hakutangazii. Pua yako itakwambia. Sehemu ya maji machafu ya mji huishia kwenye mkono huu bila kusafishwa, na plastiki zimenasa kwenye mizizi ya mikoko, mahali samaki wadogo wanapokulia. Mikoko yenyewe inakatwa. Hatuwezi kumuuzia mgeni uso wa mji ilhali tunautupia taka.

Wala wa bara hawajasalimika na lawama hii. Mto Athi ukishapita Fourteen Falls, na uchafu wa Nairobi ndani yake, hubadili jina njiani ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki hiyo hiyo, ni miongoni mwa vinavyoinywesha Mombasa. Chania ya hapa Thika nayo hufika Kipini ikiwa ndani ya Tana. Nilipomweleza jirani yangu hayo, alinyamaza kidogo, akaniambia, "Kumbe tunawatumia maji na uchafu wetu, kisha tunakuja kuwalipa mtuonyeshe."

Sina cha kuongeza kwa neno lake hilo, ila hili: wakija Disemba hii, tuwapandishe kwenye chombo kizima, tuwavike jaketi, tuwape bei ya haki na simulizi ya kweli. Na wao, chupa ya maji waliyopanda nayo, washuke nayo.